Mlingoti na Wautunzao

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri kwanza juu ya ngoma, mashairi, mavazi, na mila za arusi na matanga. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana mwenye haki ya kuyabeza. Lakini utamaduni wa watu hujidhihirisha pia katika namna wanavyovitunza vyombo vyao vya kazi: jinsi baharia anavyokalafati mashua yake kabla maji hayajaingia, jinsi mkulima anavyolitia jembe mpini mpya kabla ya mvua, na jinsi seremala anavyonoa msumeno wake jioni ili asubuhi aukute tayari. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za chombo ambacho kwa nadra hutajwa katika mazungumzo ya utamaduni, nacho ni mlingoti wa redio ya ridhaa pamoja na antena yake. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi katika shule ya sekondari iliyo pwani ya Tanga, na mlingoti wa chama cha redio cha wanafunzi wetu umenifunza mengi ambayo vitabu vya fizikia haviyataji.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu wasiolipwa, na ambao sheria haiwaruhusu kufanya biashara hewani. Wanawasiliana ili kujifunza, kufanya majaribio, na kusaidiana wakati wa dhiki. Kila mmoja hupewa leseni na alama yake ya kujitambulisha. Alama za Tanzania huanza kwa 5H, za Kenya kwa 5Z, na za Uganda kwa 5X. Hivyo anayesikiliza popote duniani hutambua mara moja sauti inatoka nchi gani. Hapa kwetu leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Neno ridhaa lenyewe ni la kuzingatia, kwa maana kazi ifanywayo kwa ridhaa haina msimamizi wala mshahara. Ikitunzwa, imetunzwa kwa sababu wenyewe wametaka. Na ikiachwa, hapana wa kushitakiwa.

Historia ya watu hawa yatuonyesha wanavyoweza kufika mbali. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi yasiyozidi urefu wa mita 200, ambayo wakati ule yalidhaniwa kuwa hayana faida kubwa. Wao hawakuvunjika moyo. Walijenga antena zao nyuma ya nyumba, wakajaribu na kujaribu tena, hata Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy na Mmarekani Fred Schnell wakazungumza kwa alama za Morse kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mawimbi yaliyo karibu na mita 100. Mawimbi mafupi yaliyodharauliwa yakageuka kuwa njia kuu ya mawasiliano ya mbali.

Sasa natuutazame mlingoti. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya 300 kwa masafa yaliyopimwa kwa megahezi, atapata urefu wa wimbi kwa mita. Chama chetu hutumia masafa ya megahezi 7.1, ambayo wimbi lake lina mita 42 hivi. Antena yetu ni nusu ya wimbi hilo, iliyopunguzwa kidogo kama utendaji unavyodai: waya wa shaba wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 upande huu na mita 10 upande huu. Katikati yake huning'inia juu ya mlingoti wa mita 12, na ncha zake hushuka pande mbili kama paa la nyumba, zikafungwa kwenye vihami mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, kwa sababu ncha hizo zaweza kuunguza zinapopeleka mawimbi. Kutoka hapo sauti hupaa karibu wima, ikarudishwa na tabaka la anga lenye chembe za umeme, ikasikika Dodoma, Mombasa, au Nairobi.

Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu huimaliza kwa dakika tano. Kuusimamisha mlingoti ni kazi ya kutwa nzima. Mabomba ya chuma yaliunganishwa chini, mlingoti ukalazwa, na shina lake likafungwa kwa bawaba juu ya zege iliyokwisha kukauka. Nanga nne zilifukiwa pande nne, kila moja mita 8 kutoka shinani. Kabla ya yote tulipima umbali wa nyaya za umeme za barabarani, tukahakikisha kwamba mlingoti, uangukapo upande wowote, hauwezi kuzifikia. Hii ni sharti ambayo haina msamaha. Wengi duniani wamekufa kwa kunyanyua bomba la chuma likagusa waya wa umeme, na kifo hicho hakimpi mtu nafasi ya kujifunza.

Kwa shauri la kunyanyua tulimwendea mzee mmoja fundi wa vyombo, ambaye ujana wake wote aliunda majahazi. Tulipomwamkia na kumweleza haja yetu, hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba redio haijui, lakini mlingoti anaujua. Akatuonyesha namna ya kusimamisha mti mfupi wa mita 4 penye shina la mlingoti, na kupitisha juu yake kamba itokayo sehemu ya juu ya mlingoti, ili wavutaji wasivute kwa kufuata ardhi bali wavute kwa pembe yenye nguvu. Akafunga gofia, akapitisha kamba kama henza ipandishayo foromali na tanga. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kusoma habari za nguvu na pembe zake ubaoni. Siku ile waliziona zikikaza kamba mbele ya macho yao. Mwanzo wa kunyanyua ndio uzito wenyewe, mlingoti ungali karibu na ardhi. Ukipanda, kamba huwa nyepesi, na hapo ndipo hatari ya pili huja, kwa sababu ukikaribia kusimama waweza kupitiliza na kuwaangukia wavutaji. Kwa hiyo mzee aliweka vijana wanne kwenye waya wa nyuma, akawaambia kwamba kazi yao si kuvuta ila kuzuia, na kwamba wao ndio watakaosahauliwa katika kusifiwa.

Wito wa kuvuta ulipotolewa, wote walivuta kwa pamoja. Wenzetu wa Kenya wamelifanya neno harambee kuwa wito wa taifa zima, lakini kabla ya hapo lilikuwa wito wa watu wenye kamba au mzigo mikononi. Wapare nao wana msaragambo, na kila kabila letu lina neno lake. Mlingoti wetu ulisimama kwa maarifa hayo ya zamani, ukapimwa kwa timazi pande mbili, kisha waya nne zikakazwa kidogo kidogo, hii na ile inayoikabili. Waya zikilegea, mlingoti huyumba. Zikikazwa kupita kiasi, huukandamiza mlingoti wenyewe hata ukapinda.

Siku ya kusimamisha mlingoti ni siku ya furaha. Wageni huja, hotuba husomwa, picha hupigwa. Ila mlingoti hauulizi ulisimamishwa kwa shangwe kiasi gani. Kuanzia kesho yake huanza kuliwa. Hewa ya chumvi hula chuma hata kilichopakwa zinki. Jua hukausha kamba za nailoni zikawa kama majani makavu. Maji hupenya penye viungo vya kebo, yakaiharibu ndani kwa ndani, hata sauti ikafifia bila mtu kujua sababu. Ndiyo maana tunafunga viungo vyote kwa utepe wa mpira, na kebo tunaipinda chini kidogo kabla haijaingia chumbani, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kuifuata hadi kwenye mtambo. Upepo nao una hesabu yake: kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Mlingoti uliovumilia kaskazi ya kawaida waweza kushindwa na dhoruba moja ya kusi.

Juu ya hayo kuna radi. Wenzetu wanaokaa kando ya Ziwa Victoria, ambalo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, hawahitaji kuambiwa. Mlingoti wa chuma ni lazima uunganishwe na fito za shaba zilizopigiliwa ardhini, na fito hizo ziungwe pamoja na waya wa ardhini wa jengo, zisiachwe kila moja peke yake. Hata hivyo kinga iliyo bora ni ya desturi: mawingu yakianza kukusanyika, kebo huchomolewa na kutolewa nje ya chumba, na mtu hagusi mtambo hadi mvua ipite. Kadhalika hapana apandaye mlingoti bila mshipi wa usalama, wala peke yake, wala baada ya chumvi na umande kuufanya uteleze.

Wakubwa wa dunia nao wamefunzwa somo hili kwa hasara. Mwaka 1901 Marconi alijenga kituo Poldhu, katika Uingereza, chenye duara la milingoti 20, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 60 hivi. Vilele vyake viliunganishwa kwa nyaya, kila mlingoti ukiwategemea jirani zake. Mhandisi wake Vyvyan, aliyekuwa akijenga kituo cha namna hiyohiyo Cape Cod, Marekani, alionya kuwa mpango huo haukuwa salama, lakini hakusikilizwa. Septemba ya mwaka huo dhoruba iliiangusha milingoti ya Poldhu, na Novemba ile ya Cape Cod ikafuata. Marconi akalazimika kujenga antena ndogo zaidi Poldhu, na huko Newfoundland akapandisha waya wake kwa tiara, na tarehe 12 Desemba 1901 akaeleza kuwa amesikia alama kutoka ng'ambo ya bahari. Kadhalika huko Konstantynów, Poland, palikuwa na mlingoti wa redio wenye urefu wa mita 646, uliokamilika mwaka 1974, ambao ulikuwa mrefu kuliko jengo lolote duniani. Tarehe 8 Agosti 1991 ulianguka. Haukuangushwa na vita wala tetemeko. Ulianguka wakati waya zake za kushikilia zilipokuwa zikibadilishwa. Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba, na mita 646 za chuma hazikuweza kuibatilisha methali hiyo.

Nayasema haya kwa sababu jambo hili lilitufikia karibu. Shule moja jirani yetu ilikuwa na mlingoti kama wetu, uliosimamishwa kwa sherehe kubwa. Mwalimu aliyeuanzisha alihamishwa, wanafunzi waliojifunza wakamaliza masomo, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mtu aliyegusa hata nati moja. Usiku mmoja wa kusi mlingoti ule ulianguka ukalala juu ya njia ambayo wanafunzi hupita kwenda bwaloni. Kwa bahati hapakuwa na mpitaji saa hiyo. Nilikwenda kuutazama pamoja na yule mzee. Watu wote walikuwa wamelizunguka bomba lililopinda. Mzee hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye nanga iliyo mbali, akainama, akaokota kibano kilicholiwa na kutu hata kikavunjika kwa vidole, akanipa bila kusema neno.

Habari ile ilienea, na wazazi wa shule yetu wakaomba mlingoti wetu ung'olewe. Ombi lao lilikuwa la haki, nami sikuwa na hoja ya kulipinga kwa maneno matupu. Mkutano uliitishwa. Mama mmoja alisimama akasema: "Mimi mwanangu nimemleta asome. Sikumleta alale chini ya chuma." Ukumbi ulikaa kimya. Wengi tulijua kwamba huo ndio mwisho wa chama cha redio.

Aliyejibu hakuwa mwalimu. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, katibu wa chama, ambaye aliomba ruhusa na kufungua daftari. Tangu mlingoti uliposimamishwa, chama kilikuwa na desturi ya kuukagua kabla ya masika na kabla ya vuli, na baada ya kila upepo mkali. Kila ukaguzi uliandikwa: tarehe, hali ya kila waya, kila kibano, kila nanga, fito za ardhini, na majina ya waliokagua. Alisoma kurasa chache kwa sauti ya kawaida. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba kibano cha pili cha waya wa magharibi kimeanza kutu na kibadilishwe kabla ya kusi, yule mama alimkatiza.

"Kimebadilishwa?"

"Kimebadilishwa, mama. Cha zamani hiki hapa."

Akakiweka mezani. Kile kibano kikapita mikononi mwa wazazi, mmoja baada ya mwingine, wakakipima uzito wake na kuitazama ile kutu. Kilipomfikia yule mama, alikishika kwa muda, kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na ualimu wangu wote, sikupata kulisikia likiulizwa wazi namna ile: "Na wewe ukimaliza shule, daftari hili atalishika nani?"

Mkutano uliamua kwamba mlingoti ubaki, kwa sharti mbili. Kwanza, daftari lisomwe katika kila mkutano wa wazazi. Pili, kila mkaguzi awe na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayemfunza, na asiruhusiwe kuacha kazi hiyo hadi mdogo wake aweze kuifanya mbele ya watu. Sharti hizo zimedumu. Msichana yule amekwisha kumaliza masomo, na daftari la kwanza limekwisha kujaa. Hivi leo liko daftari la tatu, kwa hati za mikono ambayo siku ile ya mkutano ilikuwa bado katika shule za msingi.

Wanafunzi wapya huniuliza mara kwa mara: kwa nini tusumbuke na mlingoti ilhali simu ziko mikononi mwa watu? Swali ni jema, nami hupenda kuwajibu kwa mfano. Desemba 2004 wanaridhaa wa India, wakiongozwa na Bi. Bharathi Prasad, walikuwa wamekwenda na mitambo yao katika mji wa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa mazungumzo ya kawaida ya hewani. Tarehe 26 ya mwezi huo tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari vikaikumba nchi ile. Simu zilikatika. Wanaridhaa wale wakapeleka habari za visiwa kwa ulimwengu, na wakafikisha salamu za watu waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Mawimbi hayohayo yalivuka Bahari ya Hindi, yakaua watu Somalia, Tanzania na Kenya. Basi habari ile si ya mbali. Bahari ni moja. Tena simu yenyewe haielei hewani kwa uwezo wake. Nayo yategemea milingoti iliyo vilimani, na kila mlingoti una kibano, una nanga, na una mtu ambaye ama amekikagua ama hakukikagua.

Methali yetu yasema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeizoea hata tunaipita bila kuisikia. Tuna shule zenye maabara ambazo vifaa vyake vilipokelewa kwa ngoma na sasa vimelala vumbini, na tuna visima vilivyozinduliwa kwa utepe na sasa havitoi maji kwa kukosa kipuli kidogo. Hatukukosa watu wa kusimamisha. Tulichokosa mara nyingi ni daftari, na mdogo wa kulirithi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, kila mnapopewa chombo kipya shuleni, kiwe mlingoti, pampu, au tarakilishi, siku ileile ya hotuba chagueni wakaguzi wake, na fungueni daftari kabla wageni hawajaondoka. Nanyi wanafunzi, msione haya kuwa miongoni mwa wale wanne walioshika waya wa nyuma. Mlingoti wetu utakaguliwa tena kabla ya masika. Watakaoukagua ni vijana wawili, mmoja wa kidato cha tatu na mmoja wa kidato cha kwanza, na huyu mdogo ndiye atakayeandika.